Barua ya Malalamiko Kuhusu Majalada Yanayopotosha ya Vichekesho vya Mapenzi

Kwa Mkurugenzi wa Maudhui,

YAH: MAJALADA YANAYOPOTOSHA NA KUTENGWA KWA FILAMU ZA WAPENZI WEUSI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa Dar es Salaam ninayelipia kifurushi cha familia cha huduma yenu ya kutazama filamu mtandaoni kila mwezi kwa simu. Ninakuandikia wewe kwa sababu kitengo chenu cha huduma kwa wateja kilinijibu kwa mistari miwili ambayo haikugusa nilichouliza.

Ijumaa iliyopita programu yenu iliniwekea mbele kichekesho cha mapenzi ambacho jalada lake lilionyesha mwanamke na mwanamume weusi wakitazamana na kucheka, kana kwamba hadithi ni yao. Tuliitazama hadi mwisho, mimi na wadogo zangu. Mwanamke yule ni rafiki wa bibi harusi: anampa ushauri ofisini, anamshikia pochi siku ya harusi, na filamu inakwisha bila sisi kuambiwa kama yeye mwenyewe ana mtu. Mwanamume ni mhudumu wa baa mwenye maneno machache. Wawili hao hawakutani hata katika tukio moja; sura zao zimechukuliwa sehemu mbili tofauti zikabandikwa pamoja. Wapenzi wenyewe, ambao ni Wazungu, hawamo kabisa katika jalada nililoonyeshwa mimi. Sokoni tunaijua kazi hii, ni kupanga nyanya nzuri juu ya ndoo.

Kitengo chenu kilieleza kwamba mfumo huchagua picha kulingana na mapendeleo ya mteja. Maelezo hayo ndiyo yaliyoniudhi zaidi, kwa kuwa yanakiri kwamba mnajua ninachokitafuta, na mkishajua mnanipa picha yake badala ya filamu yenyewe.

Filamu zenyewe zipo, tena si za jana. Love Jones ya mwaka 1997 inahusu mshairi na mpiga picha weusi wa Chicago. Rye Lane ya mwaka 2023 inawafuata vijana wawili weusi wanaozunguka kusini mwa London siku nzima, kila mmoja akiwa na jeraha la kuachwa. Na The Wedding Party ya mwaka 2016, yenye shamrashamra na vituko vyote vya harusi ya Lagos, ilivunja rekodi ya mapato katika kumbi za sinema za Nigeria. Hiyo ya Lagos ninyi mnayo. Nimeikuta katika rafu mliyoiita "Sinema za Kiafrika", kati ya filamu ya vita na makala ya ukame, na nilipofungua rafu ya vichekesho vya mapenzi haikuwamo. Sijui ni kitu gani kilichopungua hata harusi ile isihesabiwe kuwa mapenzi.

Huenda mtasema ni hofu ya biashara. Kichekesho cha mapenzi cha Marekani kiitwacho Hitch kilipotoka mwaka 2005, mwigizaji wake mkuu mweusi, Will Smith, mwenyewe alieleza kwamba uteuzi wa Eva Mendes, mwigizaji mwenye asili ya Kuba, kuwa mpenzi wake katika filamu ulitokana kwa sehemu na woga kwamba wapenzi wawili weusi wangewakimbiza watazamaji wa nje ya Marekani, ilhali mpenzi Mzungu angezua maneno huko huko Marekani. Watazamaji hao wa nje ni pamoja na sisi, wala hatukuulizwa. Baadaye, mwaka 2018, filamu ya mapenzi Crazy Rich Asians, ambayo waigizaji wake karibu wote ni wenye asili ya Asia, iligharimu takribani dola milioni 30 na kuingiza zaidi ya dola milioni 230 duniani, kwa hiyo woga huo hauna tena hesabu ya kuutetea.

Naomba majalada yaonyeshe wahusika wakuu wa filamu, mteja awe nani na awe anapenda nini. Naomba pia kila kichekesho cha mapenzi kiwekwe katika rafu ya vichekesho vya mapenzi, hata kama mtakibakiza vilevile katika rafu ya bara kilikotoka. Nitashukuru kupata jibu la maandishi kutoka ofisini kwako, si la mfumo, kabla ya tarehe ya malipo yangu ya mwezi ujao, kwani nisipolipata sitalipia tena.

Wako katika huduma,
Mteja wa kifurushi cha familia,
Dar es Salaam