Mbona mmemwacha kinyozi wa Midas?

Mhariri,

Gazeti lako hufika kibandani kwangu Ngamiani kila asubuhi, wateja hulisoma wakingoja zamu. Jumapili ukurasa wa watoto ulikuwa na hadithi ya Midas, mfalme wa Frigia, nchi iliyo Uturuki ya leo: kila akigusacho kikawa dhahabu, hata mkate, mpaka akaoga Mto Pactolus balaa likamtoka. Mkaishia hapo. Na kinyozi je?

Utamu uko mbele. Pan, mungu wa wachungaji wa Wagiriki wa kale, alishindana na Apollo, mungu wa muziki: Pan filimbi ya matete, Apollo kinubi. Mwamuzi, Tmolus mungu wa mlima, akampa Apollo ushindi. Midas akabisha. (Tanga hapa tumelelewa na taarabu, ubishi wa nyimbo tunaujua hadi usiku wa manane, ila hakuna aliyeota masikio ya punda.) Yeye Midas yalimwota, adhabu ya Apollo, marefu, ya manyoya. Akayafunika kwa kilemba cha zambarau, asiyaone mtu. Lakini nywele zikikua, kilemba lazima kivuliwe.

Nimeshika wembe miaka 31. Juzi mzee mmoja wa kuheshimika alivua baraghashia; piko aliyofichia mvi ilikuwa imechuruzika hadi nyuma ya sikio. Akanitazama kupitia kioo. Nikaendelea kunyoa kama sijaona kitu.

Mwenzangu yule wa Midas, siri ilimshinda tumboni. Hata hivyo hakumwambia mtu: alichimba shimo, akainama, akanong'ona kuwa mfalme ana masikio ya punda, akafukia. Mwaka kuisha, matete yameota palepale, na kusi lilipovuma yakasema yote. Waliovujisha ni matete, jamani, lakini nikiwasimulia vijana hapa kibandani, domo kaya huwa ni kinyozi! Tena Ovid, mshairi wa Kirumi aliyeisimulia, anamwita mtumishi tu, jina hakumpa. Hata Elpenor, yule kijana wa Odysseus, shujaa wa hadithi za Kigiriki, aliyelala juu ya paa kwa mchawi Circe na pombe kichwani, akaanguka akavunjika shingo, ana jina lake.

Naomba Jumapili ijayo mmalizie. Na mchoraji wenu amweke kinyozi nyuma ya kiti. Mbele tunakuja wakati wa ndevu.

Kinyozi,
Ngamiani, Tanga