Barua kwa Mpwa Wangu Anayekwenda Chiltern

Mpwa wangu, salaam.

Kama umechoka na kelele za Melbourne, nenda ukatazame ndege wa porini katika hifadhi ya Chiltern-Mt Pilot, kaskazini mashariki mwa jimbo la Victoria, Australia. Kwa gari ni kama saa tatu kupitia barabara kuu ya Hume. Treni ya Albury nayo husimama Chiltern, ila beba baiskeli.

Kabla ya hao ndege, nikuambie mashimo. Dhahabu ilipatikana huko mwaka 1858, na wachimbaji wakaacha maduara kama yale ya Geita, mengine mdomo umefunikwa na majani makavu. Kosa la mtazama ndege ni kurudi nyuma darubini ikiwa machoni. Simama, kagua unapokanyaga, ndipo uiinue. Ukitaka kuhama, ishushe.

Mti wa kuufuata ni mkaratusi uitwao mugga: gome jeusi, gumu, lenye mifereji ya kuingia kidole. Huchanua hasa majira ya baridi ya kule, Juni hadi Agosti, lakini si kila mwaka. Usijiumize shingo bure. Tazama chini ya mti: ukikuta nyuzi za maua zimemwagika, huko juu kuna utamu, na huenda wakaja kasuku wadogo wa kijani wanaovuka bahari kutoka Tasmania. Mwenye bahati humwona regent honeyeater, ndege mnyonya maua, mweusi mwenye manjano mabawani, aliye karibu kutoweka. Kati ya 2008 na 2017 waliachiwa hapo waliozalishwa kizuizini, wakiwa na pete za rangi. Andika rangi hizo kwa mpangilio, mguu wa kulia na wa kushoto, kisha uwape wahifadhi.

Angalia na mashina. Vigogo vitatu vikitoka sehemu moja, hicho ni kisiki kilichochipua. Msitu ulikatwa kwa nguzo za migodi na kuni za mitambo ya mvuke. Ndiyo sababu miti mikongwe yenye matundu ya kutagia ni michache.

Kando ya uwanja wa pikiniki wa Honeyeater kuna Cyanide Dam, bwawa lenye jina la sayanaidi, dawa ya kuchenjulia marudio, yaani mabaki ya mawe ya dhahabu yaliyokwisha kusagwa. Siku kavu yenye joto, keti kwenye kibanda chake saa nzima, kimya, na ndege watakuja kunywa. Wewe usinywe maji hayo, beba lita mbili zako.

Maua ni Septemba na Oktoba. Miwati ya dhahabu hutangulia Agosti. Ni ndugu wa miwati ya Njombe, ambayo asili yake ni kusini mashariki mwa Australia. Okidi nyingi ni za kimo cha kidole, kwa hiyo piga goti, lakini usitoke njiani. Kuzing'oa ni marufuku, tena ni kazi bure: hutegemea kuvu wa udongo ule ule, chunguni zitakufa.

Njia za ndani ni za udongo, mvua ikinyesha huteleza. Kiangazi, siku iliyotangazwa marufuku ya moto, ahirisha safari. Na mbwa abaki nyumbani, hifadhini haruhusiwi.

Mjomba wako