Wapiga picha wa Mikindani, andikeni mliposimama

Mhariri,

Picha za Mikindani zinazosambaa siku hizi zinafanana: Boma la Wajerumani la mwaka 1895, mlango wa nakshi, ngalawa ufukoni. Zinapendeza, lakini baada ya miaka 30 hazitamsaidia mtu kujua mji ulikuwaje, kwa sababu zimekata jirani za Boma na hazina maelezo. Naomba nafasi nipendekeze kazi ambayo mwenye simu yeyote Mtwara na Lindi anaiweza: kuirudia picha ya zamani kutoka pale pale ilipopigwa.

Kupata mahali kunahitaji jozi mbili za vitu. Katika picha ya zamani, chagua kitu cha karibu kinachokutana na cha mbali, tuseme pembe ya nyumba ya mawe na shina la mbuyu nyuma yake. Sogea kushoto au kulia mpaka vikutane vilevile. Hapo umepata mstari tu. Tafuta jozi nyingine upande wa pili wa picha; mistari miwili inapokatana ndipo kamera ilipokuwa. Tegemea mbuyu kuliko mnazi: mbuyu huishi karne nyingi, ila mnazi unaouona leo huenda si ule wa kwenye picha.

Wengi hukosea hapa kwa kukuza picha badala ya kutembea. Kukuza hakubadili uwiano wa ukuta wa mbele na kilima cha nyuma. Miguu yako ndiyo inayoubadili. Simu kwa kawaida hupiga kwa lenzi pana, inayomvuta mtu asogee karibu mno, kisha kilima kinanywea. Tumia lenzi ya mara 2, urudi nyuma.

Jua nalo lina ushahidi wake. Huku kwetu, kwenye latitudo ya 10 kusini, jua la adhuhuri hupita utosini karibu na tarehe 20 Oktoba, na tena karibu na tarehe 22 Februari. Kati ya tarehe hizo huwa upande wa kusini. Miezi mingine yote liko kaskazini. Basi picha ya adhuhuri yenye jua kwenye ukuta wa kusini ilipigwa ndani ya miezi hiyo minne, na mbuyu wenye majani utaliunga mkono hilo. Rudi majira yaleyale, saa ileile.

Pwani kuna mgongano usioepukika kati ya maji na mwanga. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, jua likiwa tayari kali. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, hupwa alfajiri na jioni, mwanga ukiwa laini, lakini hayaendi mbali. Piga zote mbili, uandike ipi ni ipi.

Bara, mwanga wa chini ndio mfalme. Tuta la reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyoletwa na mradi wa karanga wa mwaka 1947 hadi 1951 na kufungwa mwaka 1962, halionekani mchana hata ukilikanyaga. Nenda kiangazi, nyasi zikishakauka au kuungua, usimame ubavuni mwa tuta saa moja kasoro asubuhi: kivuli kitalichora. Usiikwepe mikorosho iliyolizunguka wala njia ya baiskeli iliyopita juu yake. Hiyo nayo ni historia.

Yote hayo ni bure bila maelezo. Andika tarehe, saa, kimo cha kamera, ilikotazama, na jina la mahali kama wenyeji wanavyolitamka, pamoja na jina lililokuwepo kabla ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Waulize wazee wawili, kila mmoja peke yake, na mmoja awe bibi. Visima na njia za kuteka maji mabibi ndio wanaozijua. Wakitofautiana, andika kauli zote mbili. Sehemu za jando, unyago na matambiko usipige mpaka wenyewe waridhie.

Jina lililoandikwa lina nguvu. Wajerumani walipochimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, Lindi, mwaka 1909 hadi 1913, msimamizi wa vibarua alikuwa Boheti bin Amrani. Kwa kuwa jina lake lilibaki kwenye kumbukumbu, mwaka 2007 dinosaria mmoja wa huko aliitwa Australodocus bohetii. Wapagazi wengi waliobeba mifupa ile hadi bandari ya Lindi hawakuandikwa hivyo.

Mwisho, usitume picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida: hupunguzwa ukubwa na kupoteza taarifa za mahali. Itume kama dokumenti, na uweke nakala tatu, moja nje ya nyumba yako. Maofisa utamaduni wa wilaya zetu wangepokea nakala hizo, hata kwenye diski moja ya ofisi, shule zingepata pa kuanzia.

Mpiga picha,
Mikindani, Mtwara