Kuhusu ile risasi uliyoachia usiku

Kamwene mnyalukolo,

Habari za Mufindi na hiyo baridi yenu. Huku Mbeya tupo, mvua kila siku mchana na barabara ya kwenda kazini imegeuka tope tupu, bodaboda wenyewe wanakushusha katikati wanakwambia malizia kwa miguu. Shemeji yako anakusalimia sana, anasema ile chai uliyomuahidi mpaka leo hajaiona.

Sasa kaka, voisi yako uliyotuma kwenye grupu, ya usiku uliokuwa unalinda mahindi yako dhidi ya nguruwe pori, nimeisikiliza na nimeirudia. Kwanza hongera kwa leseni ya bunduki, najua ulivyozungushwa, kijijini, kata, kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, njoo kesho njoo keshokutwa, na ulifanya jambo la maana sana kuipeleka bunduki ya Mzee polisi baada ya msiba badala ya kuificha darini kama wanavyofanya wengi, maana leseni ni ya mtu siyo ya ukoo na hilo watu hawalielewi mpaka yawakute. Hapo sina neno. Neno langu liko pale unapoanza kucheka, unaposema "nikasikia mahindi yanacheza kule chini kwenye mianzi, nikaachia moja, kimyaaa, asubuhi naenda hakuna hata damu."

We ulipiga nini pale? Maana nimesikiliza yote sijasikia mahali ulipomuona nguruwe. Ulisikia majani ukapiga majani. Na wenzio wote kwenye grupu wanacheka wanaweka vile vikatuni, mi nimeshindwa kucheka aisee, ndo maana nimeamua nikuandikie wewe peke yako kirefu, tusije tukabishana mbele za watu.

Hebu fikiria nani huwa anapita kwenye ile mianzi. Msimu wa mahindi kubeba ndo huohuo wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, na mgema haendi saa nne asubuhi, anaenda giza bado halijatoka anakagua mbeta zake za kukingia ulanzi, anakata, anainama, anasukuma majani, akitoka hapo anakatiza shambani kwako kwa sababu njia ni fupi. Ukiwa kibandani na usingizi machoni utamtofautishaje huyo na nguruwe? Bado kuna vijana wanaogema utomvu kule kwenye misonobari ya Sao Hill, kuna wachuma chai wanaowahi zamu, kuna mlevi kapotea njia, kuna jirani yako naye analinda shamba lake na kaamua kuja kuomba kiberiti. Na hata akiwa mwizi wa mahindi kweli, mahindi debe moja ndo umpige mtu goroli za shotgani, zile punje za risasi, tumboni?

Unajua mi kazi yangu ni wodini na siongei habari za wagonjwa, ila hii nitakwambia bila kijiji wala jina. Waliletwa watu wawili kwenye boda moja, mgonjwa kati, dereva mbele, jamaa nyuma kamshika kiunoni. Aliyepigwa alikuwa kalinda shamba lake, aliyepiga alikuwa kalinda lake, yanapakana. Na aliyepiga ndo huyo aliyemshika kiunoni njia nzima. Shati lake lote mbele damu ya mwenzie. Kila anayepita koridoni anamwambia nilidhani nguruwe, nesi anapita nilidhani nguruwe, mfagiaji anapita nilidhani nguruwe, mpaka askari walivyokuja na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, wakamchukua na bado alikuwa anawaambia hivyohivyo.

Risasi ya shotgani kwa karibu haiingii kama unavyoona kwenye muvi, kitundu kimoja kisafi. Zile goroli zinaingia zimeshikana zinachimba, zinaingia na kipande cha suruali, na ile plastiki ya ndani ya ganda nayo inaingia, na udongo, na hivyo vyote inabidi mtu aingize koleo atoe kimoja kimoja vinginevyo paja linaoza. Kwenye eksirei zinaonekana vidoti vyeupe vimetapakaa kuanzia nyonga mpaka chini ya goti na mfupa umekatika katikati. Goroli nyingine zinaachwa humohumo maana ukizifuata unaharibu zaidi. Yule mgonjwa alilala na mguu umevutwa kwa uzito mpaka mahindi yake yakavunwa na ndugu, yale yaliyobaki, maana nguruwe wenyewe hawakusubiri kesi iishe. Sasa hivi anatembea ila jembe hawezi. Na yule mwingine mke wake aliuza ng'ombe, akauza na bati zilizokuwa zimenunuliwa za nyumba mpya. Nguruwe pori hawezi kukutia hasara ya namna hiyo hata akija kila usiku mwaka mzima.

Usijipe moyo kwamba eti si makusudi, watakuelewa. Wewe upo hapohapo Mufindi, Nyololo unaijua kuliko mimi. Septemba 2, 2012 mwandishi wa Channel Ten, marehemu Daudi Mwangosi, aliuawa pale kwa bomu la machozi lililopigwa kwa karibu, na Julai 2016 Mahakama Kuu Iringa ikampa askari miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Najua kisa chake ni tofauti kabisa na cha mtu na nguruwe zake, nakitaja kwa sababu moja tu, kosa lenyewe linaitwa hivyohivyo, bila kukusudia, na bado ni miaka 15, na Kanuni ya Adhabu inaruhusu mpaka kifungo cha maisha. Na yule alikuwa askari aliyefundishwa, wewe umefundishwa na marehemu baba yako kupiga makopo juu ya kichuguu.

Na wala si mambo ya watu wa shamba tu. Dick Cheney, wakati huo makamu wa rais wa Marekani, Februari 11, 2006 alikuwa Texas anawinda kware. Mtu kawinda maisha yake yote, walinzi wamemzunguka, wenzake wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa ili waonekane. Ndege akaruka, jamaa akamfuata na mtutu, akageuka naye, akaachia, na huko alikogeukia alikuwa amesimama rafiki yake mzee wa miaka 78. Goroli zikamwingia usoni, shingoni na kifuani, baada ya siku chache moja ikamletea shida ya moyo hospitalini. Alipona, goroli za kware ni ndogo sana, zingekuwa hizo zako za nguruwe tusingekuwa na hiyo sehemu ya alipona. Cheney ndege alimuona kwa macho yake, tatizo lake hakuona nyuma ya ndege. Wewe hata ndege hukumuona kaka.

Kwaiyo hilo la nyuma ndo nataka ulishike. Goroli ndogo za ndege zinachoka kama mita mia mbili mia tatu hivi, ila hizo kubwa zinaweza kufika mita 500 na zaidi, na ukitumia ile ya risasi moja nzima inapita kilomita. Kale karaifo kadogo ka pointi mbili mbili ambako watu wanakadharau kanafika zaidi ya kilomita moja na nusu. Kutoka kibandani kwako mpaka kwa mama mkubwa ni mita ngapi? Mi nakumbuka tukiwa watoto tulikuwa tunaitwa kula kutoka kule na tunasikia. Kibanda hicho hamisha, kiweke chini upande wa mianzi halafu uwe unaangalia juu kule kwenye tuta, ukipiga ikikosa inaishia kwenye udongo. Ukiwa juu unapiga kushuka bondeni unapiga usichokijua. Na mambo ya kupiga hewani kuwatisha nayo acha, inayopanda inashuka, Phoenix kule Arizona mwaka 1999 binti wa miaka 14 alikuwa nyuma ya nyumba yao tu akauawa na risasi ya mtu aliyepiga hewani mbali huko, mpaka wakatunga sheria mwaka uliofuata inayoitwa kwa jina lake. Kama ni kutisha piga debe, washa moto, na fuga mbwa wawili wazuri, nguruwe anamuogopa mbwa kuliko anavyokuogopa wewe.

Nunua tochi kubwa, ya mkononi. Ile ya kufunga kwenye mtutu usiitumie kutafutia, maana kila unachomulika unakuwa umeshakielekezea bunduki, ukimmulika mgema ujue umemnyooshea mtutu kifuani. Mulika kwanza, uone macho, uone mgongo, uone mnyama mzima na ujue kilichopo nyuma yake, hapo ndo kidole kiende kwenye triga, kabla ya hapo kidole kinakaa pembeni kimenyooka. Ita pia, piga kelele "nani huyo?" Atakimbia akiwa nguruwe? Akimbie, si ndo unachotaka. Ukungu ukishuka, na ule wa kwenu naujua unashuka kama blanketi, bunduki pumzisha. Ukishakunywa hata kikombe kimoja cha ulanzi usiiguse kabisa. Na kabla ya yote nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya ujue unaruhusiwa kufanya nini, leseni ya silaha siyo kibali cha kuwinda, nguruwe pori naye ni mali ya serikali na Sheria ya Wanyamapori ya 2009 ipo.

Halafu yule jirani yako wa gobore usilinde naye. Wewe shotgani yako ya kiwandani, yake ni bomba la maji limeshindiliwa baruti na vipande vya nondo, siku likiamua kupasuka linapasukia usoni kwake na wewe uliyekaa pembeni. Mikono ya namna hiyo nimeifunga mingi. Mshauri aisalimishe, polisi huwa wanatangaza vipindi vya msamaha, akitokea hapo hana kesi.

Nije kwenye ile picha uliyopiga na bunduki. Umependeza, koti la Mzee limekukaa, ila kidole kiko kwenye triga na mtutu unamwangalia mtoto. Najua utasema haikuwa na risasi. Wote wanasema. Yule muigizaji Alec Baldwin alipewa bastola akiwa kazini New Mexico Oktoba 2021, akaambiwa haina risasi ya kweli, ikalia, mpiga picha wao Halyna Hutchins akafa na mwongozaji akajeruhiwa, na aliyekuwa na dhamana ya silaha pale akafungwa miezi 18. Kwaiyo mtu akikupa bunduki akakwambia haina kitu, mshukuru, ielekeze chini, ifungue mwenyewe, tazama chemba kwa macho na ingiza kidole uhakikishe. Hata kama aliyekupa ni mimi. Sefti nayo usiitegemee sana, ni chuma kile, kinachakaa, na bunduki zilizotumika miaka mingi zikianguka chini zinaweza kulia zenyewe.

Ukitoka shamba itoe risasi hukohuko kabla hujaingia kwenye uwanja wa nyumba, usingoje ufike sebuleni ndo uanze kuhangaika nayo na watoto wamekuzunguka wanauliza umeua. Mi hapa ndo pananiogopesha kuliko hata shamba. Shambani unakuwa makini, nyumbani umechoka, umelowa, unataka uji, unaiegesha nyuma ya mlango mara moja tu. Na usinambie watoto hawajui ilipo, watoto wako walijua sukari imefichwa wapi kabla mama yao hajamaliza kuificha. Bunduki kwenye kabati la chuma limefungwa kwa bolti ukutani, risasi sehemu nyingine na kufuli lingine, funguo zote kwako, siyo kwa shemeji, siyo juu ya dirisha. Kaa na watoto pia uwaambie, wakiiona popote, kwenu au kwa rafiki, wasiguse, waondoke, wamwambie mtu mzima. Ukiwaficha kabisa ndo watatamani.

Na Mungu apishie mbali, ikitokea mtu kapigwa, kandamiza kitambaa kwa nguvu pale panapotoka damu na usiachie achie kuchungulia, usichokonoe kutoa goroli, usiweke majani ya kahawa wala majivu wala mafuta ya taa, mpeleke hospitali. Watu wanachelewa wanakwenda kutafuta PF3 kwanza, damu inaisha njiani. Mleteni kwanza apokelewe, fomu itafuata.

Nakuja huko Pasaka Mungu akipenda, tutakwenda wote shambani mchana tuangalie hicho kibanda kihamie wapi. Kabati nimeshaongea na fundi wa kuchomelea hapa Mwanjelwa, anatumia bamba nene siyo haya makabati ya maofisini, bei tutaelewana naye, nikilipakia kwenye basi la Iringa utalipokelea Mafinga. Anachotaka ni urefu wa bunduki yako kutoka kitakoni mpaka mdomoni, na pia nipimie ule ukuta wa chumbani kwako, uniambie ni tofali za kuchoma au za saruji ili ajue bolti gani aweke. Nitumie leo jioni kama network ipo.

Msalimie Mama sana.

Ndugu yako wa Mbeya