Kabla hujamlipa fundi wa steringi

Marahaba mama,

Orodha ya fundi uliyonitumia nimeisoma mara mbili: tairodi endi mbili na raki endi mbili, yaani viungo vya nje na vya ndani vinavyosukuma tairi likate kona; bolijointi mbili, viungo vinavyoshikilia tairi kwenye gari; bushi nne, ile mipira ya kwenye mikono ya tairi; na raki nzima juu yake, lile boksi la steringi. Corolla ya mwaka 1998 ukiilisha vyote hivyo kwa mkupuo, itakula mshahara wako mpaka Krismasi.

Mwambie ainyanyue mbele kwa jeki, aweke stendi za chuma chini yake, si matofali, nawe uwepo. Shika tairi kushoto na kulia, ulitikise. Likicheza, yaani likilegea mkononi, shuku tairodi endi na raki endi. Mwenzako aweke kidole kwenye kiungo unapotikisa, kidole hakidanganyi. Halafu shika juu na chini. Hapo likicheza ni bolijointi au beringi, ile ambayo tairi linazungukia. Mtu akanyage breki: mchezo ukiisha, ni beringi. Ukibaki, bolijointi.

Tazama pia vimpira vinavyofunika grisi. Kikichanika, mimi singoji kiungo kianze kucheza. Vumbi na maji vikishaingia, chuma kinasagika.

Bushi zenye nyufa ndogo zitangoja mwisho wa mwezi. Bolijointi usiingojeshe. Mimi niliingojesha, ukiwa darasa la nne. Pikapu ilikuwa inagonga kila nikiingia shimoni, nami naongeza sauti ya redio. Siku hiyo tumefika Ilula kwa shangazi yako, nakata kona kuingia uani, tairi la kushoto likalala kama mguu wa kuku aliyechinjwa. Mlicheka, wewe na mama yako. Mimi nilikaa kwenye usukani nikiwaza kwamba muda si mrefu kabla ya hapo tulikuwa tunapanda mlima Kitonga, malori mbele na nyuma. Sikuwaambia.

Raki yenyewe, kama haivuji na mchezo uko kwenye endi tu, iache. Bolijointi ya mtumba usinunue hata akikuapia. Mwenyewe wa kwanza ameshaimaliza. Na akifungua tairodi endi ahesabu mizunguko ya kuifungua, mpya irudi palepale, kisha upeleke gari alaimenti, matairi yanyooshwe, siku hiyohiyo. Ukiahirisha, matairi uliyonunua juzi yatalika upande.

Nimekutumia kidogo kwenye simu, ya bolijointi. Zile kuukuu usimwachie fundi. Zipige picha unitumie.

Baba yako