Barua kwa Salma: ile haraka ya Cape Town

Dar es Salaam

Shoga yangu Salma,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, tunawaombea nanyi Mombasa.

Barua yako nimeisoma. Pale unaposema nchi zikishikana dhidi ya magaidi hakuna haja ya kuzungushana na mawakili kabla ya kukabidhiana washukiwa, nimeguna. Unajua sina huruma na waliolipua ubalozi wa Marekani hapa Dar, barabara ya Laibon, Agosti 7, 1998. Watu 11 walikufa, na wangekuwa wengi zaidi kama boza la maji lililokuwa getini lisingelizuia lile lori. Nairobi kwenu, siku hiyohiyo, walikufa 213.

Lakini mtazame Khalfan Khamis Mohamed, Mzanzibari wetu aliyeshtakiwa kwa bomu hilo la Dar. Alikimbilia Cape Town, akajipa jina jingine, akaomba ukimbizi, akawa anafanya kazi mkahawani. Oktoba 1999 akaenda ofisi ya serikali kushughulikia kibali chake, wakamnasa hapohapo. Kesho yake yuko kwenye ndege na watu wa FBI, wale wapelelezi wa Marekani, New York hiyo. Hakimu hakumwona, wala wakili. Ndio ushirikiano unaousifu, na wepesi ulikuwepo kweli.

Sasa, Afrika Kusini ilishafuta adhabu ya kifo tangu 1995, na Marekani walitaka auawe. Mei 28, 2001, Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba serikali yao imevunja katiba kwa kumtoa bila kudai ahadi kuwa hatauawa. Mtu keshaondoka! Majaji wakaagiza hukumu ipelekwe New York haraka. Siku iliyofuata jopo la kule, yaani raia wanaoteuliwa kuamua kesi, likamkuta na hatia. Julai likashindwa kukubaliana juu ya kifo, akafungwa maisha.

Wajerumani je? Walimkamata mshtakiwa mwenzake, Mamdouh Mahmud Salim, Septemba 1998, wakadai ahadi hiyo, wakapewa, na Desemba hiyohiyo wakamkabidhi. Miezi mitatu tu, shoga. Nani alicheleweshwa hapo?

Na usidhani ni mambo ya mbali. Baada ya mabomu ya Kampala, Julai 2010, Wakenya kadhaa walivushwa kwenda Uganda bila kupitishwa mahakamani kwenu. Waliobaki wakizunguka vituo vya polisi kuulizia waume na watoto wao ni kina mama kama sisi.

Mahakama Kuu ya Nairobi iliwahi kulikemea jambo hilo. Mwombe yule binamu yako wakili akutafutie nakala ya hukumu, unitumie. Kisha tuendelee kubishana.

Wako,
Rehema