Barua kwa mwanangu kuhusu kaseti za baba yako

Mwanangu,

Salamu nyingi. Uliyoyaandika ya kusoma siku ya kumbukumbu ya baba yako yamenifikia. Nimeyasoma usiku, nikayarudia asubuhi nilipomaliza kukamua. Umeandika vizuri sana. Yeye angekaa kimya kitambo, kisha akauliza habari za mvua, nawe ungejua amefurahi. Lakini zile kaseti zenye sauti yake akiimba, nakuomba usizipige mbele ya watu.

Umemwita mwanamuziki. Hakuwa mwanamuziki. Alikuwa mfugaji aliyependa muziki, na tofauti hiyo aliilinda. Akiombwa apige gitaa kwenye shughuli za watu alisingizia ng'ombe, na ng'ombe hawakosi sababu. Mtu akitokea zizini ghafla, wimbo ulikatikia hapo hapo na baba yako akashika ndoo. Hata mimi mkewe nilikuwa nasikilizia nyuma ya ukuta. Wewe ulivyokuwa ukisinzia gitaa likilia sina haja ya kukusimulia.

Ile habari ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester kule Uingereza, kwamba mwaka 2001 walikuta ng'ombe waliopigiwa muziki wa polepole wanaongeza maziwa kwa karibu asilimia 3, isome ukitaka. Watu wataipenda. Ila usiseme ndiyo sababu ya yeye kuimba. Baba yako aliwaimbia hata madume.

Tena umeandika kwamba aliimba wakati wote. Hapana. Ng'ombe akizaa usiku na ndama akaja inavyotakiwa, miguu ya mbele imetangulia na kichwa kimelala juu yake, ndipo aliimba chini kwa chini, akivuta pale tu ng'ombe anaposukuma. Akinyamaza nilijua mguu umekunjika ndani, nikabandika maji ya moto bila kuitwa. Nikisikia sauti imerudi, napumua. Na hakuondoka mpaka ndama asimame na kunyonya dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, maana alisema saa 6 zikipita bila dang'a umeanza kumpoteza. Hilo liandike. Waliofuga watajua hapo hapo alikuwa mtu wa namna gani.

Andika pia kile kipande chake cha kudonolea nyuzi. Alikikata kwenye hereni ya njano ya yule ng'ombe mzee, kwa kisu cha kukatia kwato, akakisugua juu ya jiwe mpaka kingo zikawa laini. Nusu ya namba bado inasomeka. Ninacho mimi. Najua utakiomba, lakini bado.

Narudi kwenye kaseti. Nduguyo ananiambia unataka na kuzisambaza. Unasema utepe unachakaa na sauti inafifia. Najua, ndiyo maana sikukukatalia kuzihamishia kwenye kompyuta. Zihamishe, zitunze, zisikilize hata kila siku. Ila elewa kwamba baba yako hakuimba akijua kuna kitu kinamrekodi. Redio ya kaseti iliwekwa juu ya magunia ya chakula cha mifugo, ikafunikwa gunia jingine, na hakuna aliyemwambia. Amekufa hajaambiwa. Sasa zikipigwa mbele ya umati ule, mimi nitauweka wapi uso wangu?

Usidhani nakuonea. Katika watoto wangu wote wewe ndiye uliyechukua sikio lake, na alilijua hilo kabla yangu. Ulipoondoka ukaliacha gitaa ukutani hakusema neno. Aliendelea kulibadilishia nyuzi na kulipangusa, kama mtu anayetarajia mgeni, na barua zako zilikuja chache. Haya, hayo yamepita. Kama unataka watu wasikie muziki siku ile, piga wewe. Kaa mbele yao, piga ule aliokuwa akiupiga jioni ng'ombe wakiingia, bila maneno. Huo hakuuficha sana. Nyuzi zimeshika kutu, kwa hiyo njoo na nyingine, zote sita, usije na tatu kama ulivyofanya safari ile.

Huku tunaendelea. Mtamba mwekundu ana mimba na kiwele kimeanza kujaa, huenda ukamkuta na ndama. Uzio wa upande wa bwawa umelala tena, nduguyo kila siku ananiambia kesho. Dawa ya kuogeshea mifugo imebaki ya mara moja tu, na kupe msimu huu ni wengi, hasa masikioni na chini ya mkia. Bati la banda la ndama linavuja palepale alipopaziba baba yako.

Kwenye maandishi yako futa neno mwanamuziki. Halafu nijibu kuhusu kaseti kabla hujaanza safari, na usinijibu kwa simu ukiwa katikati ya wenzako. Niandikie.

Mama yako